UZI: Msongamano kwenye geti la shule siku ya kufungua. Kwani hii barabara ni ya nani?

1.
Leo tuongee kuhusu kitu ambacho kila muhula kinazua kelele kwenye magrupu ya huku Mbeere: barabara iliyo mbele ya shule ya upili, siku ya kufungua na siku ya kufunga. Kama kawaida ya nyuzi hizi, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Shule pia sitaitaja. Ukiijua, kaa nayo. Tatizo lenyewe liko kwenye shule nyingi, si hii peke yake. Uzi ni mrefu, kaa kitako.

2.
Kwanza picha, kwa wasiojua Kiritiri. Ni mji mdogo, makao ya kaunti ndogo ya Mbeere Kusini, na barabara kubwa kutoka Embu inapita papo hapo. Siku ya kufungua, kuanzia saa saba mchana, matatu zinashusha watoto na masanduku kwenye lami. Bodaboda zinakuja na godoro limefungwa nyuma. Wazazi wenye magari wamepaki pande zote mbili. Katikati ya hayo yote, Probox za muguka zinataka kupita, na muguka haungoji mtu. Ukinyauka, hasara.

3.
Muhula uliopita, siku ya kufunga, gari moja lilirudi nyuma karibu na geti bila dereva kuangalia. Likamgonga mtoto wa jirani yetu, msichana wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa ameinama akifunga sanduku lake. Alivunjika mguu. Tunashukuru Mungu haikuwa mbaya zaidi. Lakini kufikia jioni grupu letu lilikuwa limegawanyika, na hakuna aliyekuwa anamzungumzia yeye tena. Watu walikuwa wanapigania wanasiasa wao.

4.
Nilisoma jumbe zote. Ukiziweka pamoja, zilikuwa hoja nne:
- "Gavana amelala. Barabara ni za kaunti."
- "Hapana, mbunge ndiye mwenye pesa za barabara."
- "Polisi wa trafiki walikuwa wapi?"
- "Makosa ni ya shule. Kwa nini waliwaachilia wote saa moja?"
Kila hoja ina ukweli kiasi. Ndiyo maana mjadala huu hauishi. Kila mtu ana kipande, na kila mtu anafikiri kipande chake ndicho kitu kizima.

5.
Kabla ya kuuliza nani alaumiwe, tuulize tunalalamikia nini hasa. Mimi naona hapo kuna matatizo mawili, na tunayachanganya kila siku.

La kwanza ni MSONGAMANO. Kwa shule ya bweni, hesabu siku zenyewe: kufungua mara tatu kwa mwaka, kufunga mara tatu, mapumziko ya katikati ya muhula kwenda na kurudi, na siku ya wazazi. Ni siku kumi na kitu kwa mwaka, na kila siku ni saa tatu nne hivi za fujo. Basi.

6.
La pili ni HATARI. Hiyo haina siku maalum. Kuna wanafunzi wa kutwa wanaotembea kando ya lami hiyo kila asubuhi kabla jua halijatoka vizuri, na kila jioni. Kuna watoto wa shule ya msingi wanaovuka hapo hapo. Siku hizo hakuna msongamano kabisa. Barabara iko wazi, na kwa sababu iko wazi magari yanapita mbio. Yaani siku ambayo hakuna anayelalamika kwenye grupu inaweza kuwa ndiyo siku mbaya zaidi kwa anayetembea.

7.
Sasa angalia nani analalamikia nini. Msongamano unamkera mwenye gari, mwenye matatu na msafiri. Hawa wana sauti. Wanapiga simu redioni na wanamjua MCA kwa jina. Hatari inampata anayetembea, ambaye mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na tano asiyepiga kura.

Kwa hivyo mwanasiasa akija, anasikia neno moja tu: msongamano. Na akiahidi, anaahidi dawa ya msongamano. Shikilia hilo, tutalirudia.

8.
Turudi kwenye swali la nani. Katiba ya 2010 ina Jedwali la Nne, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Ukilisoma ukiwa umesimama kwenye hilo geti, unaanza kuelewa kwa nini watu wanarushiana mpira. Serikali ya kitaifa imepewa barabara kuu za kitaifa na sheria za trafiki. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, na usimamizi wa magari na maegesho. Shule za upili ni za serikali ya kitaifa. Chekechea ni za kaunti.

9.
Yaani mtoto akiwa ndani ya geti yuko chini ya Wizara ya Elimu. Akitoa mguu mmoja nje, inategemea barabara ni ya daraja gani. Barabara za daraja A na B ziko chini ya KeNHA. KeRRA inashughulikia za mashambani zilizobaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mashirika haya, pamoja na KURA ya mijini, yaliundwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007, kabla ya kaunti kuwepo. Ugatuzi ulipokuja, yakabaki, na kaunti zikaongezwa juu.

10.
Mwaka wa 2016 barabara za nchi nzima zilipangwa upya. Wakati huo mtandao wote ulikuwa takriban kilomita 161,000. Kama 40,000 hivi zikawa za kitaifa na kama 121,000 zikaenda kwa kaunti. Kwa hivyo mtu akikuambia "barabara ni za kaunti", kwa wingi wa kilomita yuko sawa. Lakini barabara kubwa inayopita mbele ya geti inaweza kuwa ya kitaifa, huku ile ya vumbi inayokata kona hapo kando ni ya kaunti. Mita hamsini, wenyewe wawili.

11.
Hii si mambo ya vitabuni tu. Mfano: matuta. Wazazi wanamwendea MCA wakitaka tuta mbele ya shule. MCA anasema "nitafuatilia". Kama barabara ni ya KeNHA, kaunti haina ruhusa ya kuweka tuta hapo, hata kama ina pesa na mchanga umeshamwagwa. Anaweza kuandika barua tu. Lakini ni MCA gani atasimama kwenye mkutano aseme "mimi naweza kuandika barua tu"? Anasema atafuatilia, miaka mitano inaisha, na mtu mwingine anakuja na ahadi ile ile.

12.
Polisi wa trafiki? Hao ni wa Huduma ya Taifa ya Polisi. Gavana hawaamrishi. Askari wa kaunti wanaweza kushughulika na maegesho kwenye barabara za kaunti, lakini hawawezi kusimamisha Probox inayokimbia kwenye barabara kuu. Na polisi wenyewe ni wachache. Siku ya kufungua, shule zote za eneo zinafunguliwa kwa wakati mmoja, na maafisa hao hao wanatakiwa kuwa kila geti.

13.
Mbunge? Kazi yake kikatiba ni kutunga sheria, kuwakilisha na kusimamia. Lakini kwa vitendo ana vipande viwili hapa. Kimoja ni NG-CDF, ambayo kwa miaka mingi imejenga madarasa, maabara na hata mageti ya shule. Cha pili ni sauti yake kwenye barabara za eneo bunge zinazotengenezwa kupitia KeRRA. Kwa hivyo anayesema "mbunge ana pesa za barabara" hajadanganya. Ila pesa hizo haziwezi kwenda kila barabara.

14.
Na shule? Tarehe ya kufungua na kufunga inapangwa na Wizara ya Elimu kwa nchi nzima. Lakini SAA ya kuripoti, ni kidato gani kiingie kwanza, magari yaingie wapi, geti lipi lifunguliwe: hayo yako kwa mwalimu mkuu na bodi ya usimamizi, ile BOM iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Na kwenye bodi hiyo wazazi wana wawakilishi. Hiki ndicho kipande kilicho karibu nasi zaidi, na ndicho hatukigusi.

15.
Tuongee pesa, kwa sababu kuna hoja ya "nyinyi wa kutembea hamlipi ushuru wa barabara". Kwenye kila lita ya petroli na dizeli kuna ushuru wa ukarabati wa barabara. Ulikuwa Sh18, ukapandishwa hadi Sh25 Julai 2024. Mwendesha boda anayechoma lita tatu kwa siku anatoa Sh75 kila siku kwa ajili ya barabara. Na pesa hizo hazitoki mfukoni mwake peke yake, zimo ndani ya nauli anayolipa mama aliyembeba mwanawe na sanduku. Kila mtu kwenye hilo geti amelipa.

16.
Ndiyo maana pesa za huo ushuru zinapiganiwa sana. Kwenye mwaka wa fedha wa 2024/25, Sh10.5 bilioni zilileta mvutano kati ya wabunge na magavana hadi wakafikishana mahakamani. Magavana wanasema kilomita nyingi ni zetu, kwa hivyo tupeni pesa. Wabunge wanasema pesa zibaki kwa mashirika ya kitaifa. Ukisikia viongozi wa kwenu wakirushiana maneno juu ya barabara moja, mara nyingi wanapigana vita hivi vikubwa kupitia kwenu.

17.
Sasa tupitie dawa zinazotajwa kwenye mikutano. Nitazipima kwa yale matatizo mawili: inapunguza msongamano? Inapunguza hatari?

"TUTAPANUA BARABARA." Hii ndiyo inayopigiwa makofi zaidi. Inaweza kusaidia zile siku kumi na kitu. Lakini siku zingine zote umempa dereva barabara pana na laini mbele ya shule, na umemwongezea mtoto upana wa kuvuka. Ukipanua bila matuta, bila kivuko na bila njia ya miguu, umepunguza msongamano ukaongeza hatari.

18.
"TUTAONDOA VIBANDA." Ni kweli vingine viko kwenye hifadhi ya barabara, na kisheria mwenye barabara anaweza kuviondoa. Lakini nenda siku ya kawaida uangalie. Kibanda cha mama anayeuza maandazi hakizuii gari lolote Jumatano saa nne. Siku ya kufungua, kinachozuia ni magari yaliyopakiwa mbele ya hicho kibanda. Ni rahisi kumwondoa mama wa maandazi kuliko kumwambia mzazi mwenye gari kubwa asogee. Hapo ndipo siasa ilipo.

19.
"SHIDA NI BODABODA." Nitasema ukweli wangu. Mimi mwenyewe nilipelekwa Kidato cha Kwanza kwa boda. Sanduku juu ya tangi, mimi katikati, mama nyuma ameshika ndoo na godoro. Sheria ya Trafiki inasema abiria mmoja tu. Mama alijua. Lakini boda mbili zilikuwa pesa ya sabuni na mkate wa wiki mbili. Kwa hivyo ndiyo, boda zinavunja sheria siku hiyo. Lakini pikipiki moja inachukua nafasi ndogo mno kuliko gari lililomleta mtoto mmoja. Ukizifukuza hapo, wanaoumia ni walio na kidogo zaidi.

20.
"TUONGEZE POLISI." Inasaidia siku hiyo. Kesho yake hawapo. Na kikomo cha kasi tayari kipo: ndani ya mji au kituo cha biashara ni kilomita 50 kwa saa. Tena mwaka wa 2020, mkutano wa mawaziri kule Stockholm ulipendekeza 30 mahali watu wanapotembea pamoja na magari, na Umoja wa Mataifa ukauunga mkono. Lakini kibao peke yake hakimpunguzii mtu mwendo. Kinachompunguzia ni tuta.

21.
Uzito wa jambo lenyewe: mwaka wa 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa kwenye barabara za Kenya kwa takwimu za NTSA. Kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Wakati mwingine tunazungumza juu ya ajali kama kwamba ni basi tu lililopinduka. Wengi hufa mmoja mmoja, kando ya lami, na hakuna kiongozi anayetuma rambirambi.

22.
Je, kuna mahali pamefanya vizuri? Hapo jirani tu. Dar es Salaam, shirika linaloitwa Amend lilianzisha mpango wa SARSAI. Walikwenda shule zenye watoto wengi wanaogongwa, wakaangalia watoto wanapita wapi hasa, kisha wakaweka vitu vidogo: njia ya miguu iliyotengwa na magari, matuta, vivuko, vibao, vizuizi. Mahali pengine walihamisha geti tu, likatazama njia iliyotulia. Utafiti uliofuata ulionyesha majeruhi walipungua kwa takriban robo. Mwaka wa 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI.

23.
Rudia hapo: WALIHAMISHA GETI. Hawakupanua barabara. Shule nyingi za huku ziliweka geti likitazama barabara kuu kwa sababu ni heshima, jina la shule lionekane. Ukizunguka nyuma unakuta njia ya vumbi, pana, haina gari. Geti la pili upande huo, kwa magari ya wazazi tu, linatenganisha magari na watoto wanaotembea. Kwa shule yenye njia kama hiyo, ni kazi ya fundi na mlango wa chuma, haihitaji mkopo wa nje.

24.
London nako kuna mamia ya shule ambazo mtaa unafungwa kwa magari saa ya kuingia na ya kutoka. Kabla hujaniambia "hapa si London", nakubali. Huwezi kufunga barabara kuu ya Embu ili watoto wapite. Lakini wazo la chini yake ni lile lile: tatizo ni la saa fulani, kwa hivyo dawa pia inaweza kuwa ya saa fulani. Kidato kimoja kinaripoti asubuhi, kingine saa sita, kingine saa tisa. Tayari hapo fujo imegawanywa mara tatu, na haijagharimu hata shilingi.

25.
Najua kuna atakayesema ratiba haiguswi, Wizara imeshaamua. Kumbukeni mafuriko ya 2024. Muhula wa pili ulikuwa uanze Aprili 29, ukasogezwa, na shule zikafunguliwa Mei 13. Tarehe ya nchi nzima ilisogea kwa sababu ya usalama wa watoto. Kama tarehe ya kitaifa inaweza kusogea wiki mbili, saa ya geti moja inaweza kusogea. Tena kwa hiyo hatuhitaji Nairobi.

26.
Kwa nini basi hakuna anayeahidi haya? Hapa nitawavalia kofia ya somo langu kidogo. Mwanasiasa anapenda mradi wenye vitu vitatu: unaonekana, una siku ya kuzinduliwa, na unaweza kuandikwa jina lake. Lami ina vyote. Ratiba ya kuripoti haina hata kimoja. Hakuna utepe wa kukata. Isitoshe, kivuko mbele ya geti kinahitaji ofisi tatu nne zikubaliane, na zikikubaliana sifa zinagawanywa. Simlaumu sana. Anafuata tunachopigia makofi.

27.
Kwa hivyo tufanye nini? Mambo manne, yote yako ndani ya sheria.

A) JUENI MWENYE BARABARA. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza. Andika barua kwa KeNHA, KeRRA na idara ya barabara ya kaunti: "Barabara iliyo mbele ya shule yetu iko chini ya nani?" Wana siku 21 kujibu. Suala likihusu uhai wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki ya Utawala.

28.
B) ENDENI KWA BODI YA SHULE KWANZA. Wawakilishi wa wazazi waombe mambo mawili: saa tofauti za kuripoti na kuondoka kwa kila kidato, na mahali pa kushushia palipo ndani ya uwanja au upande wa nyuma. Shule nyingi zina uwanja mkubwa unaokaa bure siku hiyo. Gari liingie, lishushe, litoke. Mwalimu mkuu akikataa, aandike sababu kwenye kumbukumbu za mkutano. Sababu iliyoandikwa inaweza kujibiwa.

29.
C) MJUE TAREHE ZA BAJETI. Hapa ndipo tunapopoteza kila mwaka. Tunapiga kelele Januari shule zikifungua, wakati mlango umeshafungwa. Kwa kaunti: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Mkakati wa fedha ni kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti ni kufikia Aprili 30. Na umma lazima uhusishwe. Njia ya miguu na taa kwenye barabara ya kaunti zinaingia hapo au haziingii. Tangazo likitoka, nendeni. Mara nyingi ukumbi huwa una watu wachache na nusu yao wamefuata soda.

30.
D) KAMA BARABARA NI YA KITAIFA, ombi liandikwe kwa shirika lenyewe, na nakala kwa mbunge. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo. Kwa bunge la kaunti haki hiyo iko kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Muombe kitu kinachohesabika: matuta mawili, kivuko kimoja, vibao viwili, mita mia mbili za njia ya miguu kila upande. Ukiomba "mtusaidie barabara", utapewa "tutafuatilia".

31.
Na tafadhali, msichimbe matuta wenyewe usiku. Naelewa hasira. Mtoto akigongwa, vijana wanatoka na majembe. Lakini tuta lisilo na rangi wala kibao linamuua mwendesha boda anayelifikia gizani, na mwenye barabara anakuja kuling'oa. Mnabaki na tatizo lile lile na marehemu wawili.

32.
Agosti 2027 inakuja, na mikutano itakuwa mingi. Mgombea akifika Kiritiri akasema "nitamaliza msongamano wa pale shuleni", msipige makofi kwanza. Muulizeni maswali matatu:
- Hiyo barabara iko chini ya nani, na ofisi unayoomba ina mamlaka gani hapo?
- Unazungumzia zile siku kumi na kitu, au siku zote ambazo watoto wanatembea?
- Utaiingiza kwenye bajeti gani, na tarehe ya mwisho ni lini?
Anayejua kazi yake atajibu kwa dakika mbili. Asiyejua ataanza kumtukana mpinzani wake. Hapo mtakuwa mmepata jibu pia.

33.
Kuna atakayesema nimewasamehe madereva. Sijawasamehe. Aliyemgonga yule msichana alipaswa kuangalia nyuma. Lakini dereva mmoja mzembe ukimfunga, muhula ujao anakuja mwingine. Ukiwatenganisha watoto na magari yanayorudi nyuma, mzembe atagonga ukuta.

34.
Msichana alitolewa plasta juzi. Bado anachechemea kidogo, lakini amesema shule haachi. Shule zikifungua, babake atampeleka kwa matatu ile ile, na itawashusha mahali pale pale, kwenye lami. Mama yake ameshaniuliza barua ya KeRRA inaandikwaje. Nimemwandikia rasimu. Anayeitaka kwa shule ya kwao aniambie, nitamtumia, abadilishe jina la mahali tu. Kama wewe ni mzazi na mkutano wa wazazi uko karibu, anza na namba 28.